Dawa za kansere na planing: kile kijiti cha mukononi kisisahauliwe

Mashariki mwa Kongo, planing na kansere hazitunziwi ku mulango moja. Kijiti cha planing kinawekwa ku kituo cha afya cha kartie, na muuguzi, kwa dakika chache. Kansere inatunziwa mbali: ku lopitali kubwa ya jimbo, ao Kinshasa, ao ng'ambo ya mupaka kwa wale wenye uwezo. Fishi ya planing inabaki ku kituo cha afya, karatasi za kansere zinabaki ku lopitali. Muntu mumoja tu ndiye anajua pande zote mbili: mwanamuke mwenyewe.

Shida ni kwamba kijiti hakiumi na hakimezwi kila siku. Kinasahaulika. Mwanamuke anapasuliwa ziwa, anaandikiwa dawa ya kumeza kwa miaka 5, na kumbe ndani ya mukono wake homoni inaendelea kutoka polepole, usiku na muchana. Ao inakuwa kinyume: anasikia kwamba homoni ni mbaya kwa ugonjwa wake, anatolesha kijiti, hakuna mwenye kumupatia njia ingine, na mimba inaingia katikati ya matibabu. Makosa hayo yote mawili yanaepukwa kwa maneno machache, yakisemwa kwa wakati.

Njia gani iko na homoni, na gani haina

Wengi wanaita kila kitu "planing", lakini kwa mugonjwa wa kansere tofauti ni kubwa.

Vidonge vya kila siku viko vya aina mbili. Vingi vinachanganya homoni mbili, estrojeni na projestini. Vingine viko na projestini peke yake, na ndivyo vinapewa mama mwenye kunyonyesha.

Sindano, kama vile Depo-Provera na Sayana Press, ni projestini tu. Inafanya kazi kwa miezi 3. Ikisha kuingia mwilini hakuna namna ya kuitoa. Inapaswa kungojea iishe yenyewe.

Kijiti nacho ni projestini tu. Jadelle ni vijiti viwili vya miaka 5. Implanon NXT ni kijiti kimoja cha miaka 3. Kijiti kinaweza kutolewa siku yoyote.

Kifaa cha ndani ya kizazi, chenye wengi wanaita DIU ao sterile, kiko pia cha aina mbili, na hapo ndipo watu wanachanganya. Kile cha shaba hakina homoni hata kidogo, na kinalinda miaka 10 na zaidi. Kile kingine kinatoa projestini. Mwanamuke aliyewekewa DIU anapaswa kujua ni ipi iko ndani yake.

Kapoti, kufunga mirija ya mwanamuke, na vasektomi kwa mwanaume, zote hazina homoni.

Namna tatu za kugongana

Dawa ya kansere na homoni ya planing zinaweza kugongana kwa njia tatu.

Ya kwanza, homoni inasaidia kansere. Kuna kansere za maziwa ambazo seli zake ziko na kama vitundu vya kufuli, na estrojeni ao projesteroni ndiyo ufunguo wake. Ufunguo ukiingia, seli zinaongezeka. Munganga anatoa dawa ya kuziba hivyo vitundu. Kuongeza homoni ni kupeleka funguo zingine kwa mulango uleule.

Ya pili, dawa inapunguza nguvu ya planing. Ini ndilo linavunja homoni. Dawa fulani zinalifanya livunje haraka kuliko kawaida, na homoni yenye kubaki katika damu haitoshi kuzuia mimba. Mwanamuke anafikiri amelindwa, na kumbe hapana.

Ya tatu, zote mbili zinasukuma hatari moja: damu kuganda ndani ya mishipa. Kansere yenyewe inaongeza hatari hiyo. Tamoksifeni inaiongeza. Vidonge vyenye estrojeni vinaiongeza vilevile. Zikikutana, mugonjwa anabeba muzigo wa mara tatu. Muguu moja ukivimba na kuuma, ao pumzi ikikatika ghafla pamoja na maumivu ya kifua, ni kwenda lopitali saa ileile.

Tamoksifeni: dawa iliyotafutwa kuwa planing

Tamoksifeni ndiyo dawa inayojulikana zaidi kwa kansere ya maziwa yenye kusikia homoni. Kawaida ni miligramu 20 kila siku, kwa miaka 5. Wengine wanaendelea mupaka miaka 10.

Historia yake inaeleza vizuri kwa nini haipaswi kuchukuliwa kama kinga ya mimba. Dora Richardson, mwanakemia wa kampuni ICI kule Uingereza, aliitengeneza katika mwaka wa 1962, wakati kampuni hiyo ilikuwa inatafuta kidonge cha kuzuia mimba. Kwa panya ilizuia mimba vizuri. Kwa wanawake ilifanya kinyume: iliamusha mayai. Kazi yake ya kweli ilipatikana kisha, katika matibabu ya kansere ya maziwa.

Kwa hiyo mwanamuke ambaye bado anaona mwezi, akiwa anameza tamoksifeni, anaweza kupata mimba, hata kama mwezi wake umevurugika ao umekosa. Na dawa hiyo inaweza kuharibu mutoto aliye tumboni. Maelekezo ya sasa ya dawa hiyo katika Ulaya yanaomba mwanamuke ajikinge wakati wote wa matibabu, na miezi 9 kisha kidonge cha mwisho. Na yanaomba ajikinge kwa njia isiyo na homoni.

Hata sindano ya gosereleni, ambayo inalaza mayai kwa wanawake fulani wenye kansere ya maziwa, haihesabiwi kuwa planing. Munganga akiichoma, kinga ingine inabaki ya lazima. Letrozoli na anastrozoli pia, zikipewa mwanamuke ambaye bado yuko wa kuzaa, zinaweza kuamusha mayai. Ndiyo sababu hazitolewi peke yake kwa mwanamuke ambaye mwezi wake haujafunga.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liko na kitabu ambacho wauguzi wa planing wanafuata. Kila njia inapewa namba kulingana na ugonjwa: 1 ni kutumia bila shida, 2 ni faida kupita hatari, 3 ni hatari kupita faida kwa kawaida, 4 ni kukataza. Kwa mwanamuke mwenye kansere ya maziwa kwa sasa, vidonge, sindano, kijiti na DIU ya homoni vyote viko namba 4. Akisha kupona na kupitisha miaka 5 bila dalili ya kurudi, vinakuwa namba 3. DIU ya shaba ni namba 1, mbele na nyuma.

Kuko wanawake wanaoambiwa kwamba kansere yao haisikii homoni. Aina hiyo inaonekana sana kwa wanawake Waafrika. Namba za OMS hazitofautishi: kwa wao pia homoni za planing ni namba 4.

Shimio: kutapika, mwezi kukosa, na mutoto aliye tumboni

Shimio ni dawa zenye kuua seli za kansere. Nyingi zinapitia ku serumu. Kwa upande wa planing kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kutapika. Mwanamuke akitapika ndani ya saa 2 kisha kumeza kidonge cha planing, ni kama hakumeza; anapaswa kumeza kingine. Akitapika siku nzima, ama akiharisha sana, kidonge hakiwezi kutegemewa tena.

Dawa ya kuzuia kutapika. Moja kati yake, aprepitanti, inapunguza nguvu ya homoni za planing. Maelekezo yake yanaomba kuongeza njia ingine, kwa mufano kapoti, wakati wa kuitumia na baadaye pia: mwezi 1 katika maelekezo ya Amerika, miezi 2 katika yale ya Ulaya. Ni dawa ya siku chache, lakini kosa lake linaweza kudumu mwezi mzima, na shimio nyingi zinarudi kila wiki 3.

Mwezi kukosa. Shimio inaweza kusimamisha damu ya mwezi kwa muda. Wengi wanasema, "Sioni mwezi, basi siwezi kupata mimba." Haiko hivyo. Yai linaweza kuamuka mbele ya damu kurudi, na mwanamuke akashika mimba bila kuona mwezi hata mara moja. Mwezi kukosa siyo kufungwa kwa uzazi.

Na kuhusu mutoto: dawa nyingi za kansere zinashambulia seli zinazoongezeka haraka, na mutoto wa tumboni ni seli zinazoongezeka haraka. Ndiyo sababu kinga inaendelea hata kisha serumu ya mwisho. Kwa metotreksati, mwanamuke anangojea hata miezi 6. Kwa trastuzumabu, ni miezi 7. Kila dawa iko na hesabu yake. Inafaa kuiomba iandikwe kwa karatasi ya kutoka lopitali. Na wanaume wasijisahau: mwanaume mwenye kutumia metotreksati anaombwa asipatie muke wake mimba wakati wa matibabu na hata miezi 3 kisha dozi ya mwisho.

Si kila kansere inakataza homoni

Kosa lingine ni kuchukua sheria ya kansere ya maziwa na kuipeleka kwa kila mugonjwa.

Kansere ya mulango wa kizazi. Wakati mwanamuke anangojea matibabu, homoni hazikatazwi: kidonge cha projestini ni namba 1, na sindano, kijiti na vidonge vya kuchanganya ni namba 2. Kilicho namba 4 ni kuweka DIU mupya, juu inaweza kuleta damu na uchafu wa ugonjwa. Ile iliyokuwa tayari ndani inaweza kubaki mupaka siku ya matibabu.

Kansere ya ndani ya kizazi na ya ovari. Homoni ziko namba 1 wakati wa kungojea matibabu. Kuweka DIU mupya ni namba 4 kwa ya kwanza na namba 3 kwa ya pili.

Ugonjwa wa mimba yenye mapovu kama zabibu, wenye unaweza kugeuka kansere. Hapa planing inakuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Wanganga wanafuata ugonjwa kwa kupima katika damu ileile homoni ambayo mimba inatoa. Mimba mupya ikiingia, kipimo kinapanda, na hakuna mwenye kujua ni mutoto ao ni ugonjwa umerudi. Njia za homoni ni namba 1 kwa wanawake hao. DIU ndiyo inakataliwa ikiwa kipimo kinabaki juu ao ugonjwa umegeuka kansere.

Kwa hiyo neno "kansere" peke yake halitoshi. Muuguzi wa planing anapaswa kujua ni kansere gani.

Dawa zingine zinazotembea pamoja na kansere

Mugonjwa wa kansere mara nyingi anameza na dawa za magonjwa mengine, na hizo pia zinaweza kuharibu planing.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inalifanya ini livunje homoni haraka. Vidonge na kijiti vinapoteza nguvu. Sindano ya miezi 3 inabaki imara. Karbamazepini na fenitoini, dawa za kifafa ambazo zinapewa pia wagonjwa fulani wenye uvimbe wa ubongo, zinafanya vilevile.

Kwa watu wenye virusi vya UKIMWI, ambao wanaweza kupata kansere ya Kaposi ao ya mulango wa kizazi kuliko wengine, efavirenzi inapunguza nguvu ya kijiti. Dolutegraviri haina shida hiyo. Dawa za kienyeji nazo zitajwe kwa munganga bila haya, hata kama hakuuliza.

Njia gani zinabaki

Kwa mwanamuke mwenye kansere ya maziwa, DIU ya shaba ndiyo jibu la kwanza. Kati ya wanawake 100 wenye kuitumia, asifike hata mumoja mwenye kupata mimba kwa mwaka. Haiingii katika damu, haigusi dawa, na haisahauliki kama kidonge. Ikiwekwa ndani ya siku 5 kisha kulala na mwanaume bila kinga, inazuia hata mimba ya siku hizo. Ubaya wake: inaweza kuongeza damu ya mwezi, na hilo linaangaliwa kwa mwanamuke aliyeishiwa damu. Pia shimio inashusha askari wa mwili, kwa hiyo siku ya kuiweka ichaguliwe pamoja na munganga wa kansere. Vizuri zaidi ni kuiweka mbele ya kuanza serumu.

Kapoti inasaidia kila muntu, lakini ikitumiwa namna watu wanaitumia kwa kawaida, wanawake kama 13 kati ya 100 wanapata mimba kwa mwaka. Inafaa sana kwa kuziba nafasi, wakati wa kungojea njia ingine.

Wenye kuwa wamemaliza kuzaa wanaweza kufikiria kufunga mirija, ao bwana afanye vasektomi, ambayo ni opereshoni ndogo kuliko ile ya mwanamuke. Vasektomi haishiki mara moja: kapoti inaendelea kwa miezi 3.

Njia zingine zenye kupendwa hapa kwetu hazifai wakati huu. Mukufu wa shanga wa kuhesabu siku unafanya kazi kwa mwanamuke mwenye mwezi wa siku 26 mupaka 32. Dawa zikivuruga mwezi, shanga zinadanganya. Kinga ya kunyonyesha inaanguka, juu dawa nyingi za kansere zinaomba mama aache kunyonyesha. Na kumwaga inje haitoshi mahali ambapo mimba inaweza kuharibu matibabu.

Wale wasio na kansere wasitoleshe kijiti

Katika kartie maneno yanatembea: "Kijiti kinaleta kansere." Ukweli ni mudogo kuliko maneno. Katika mwaka wa 1996 wachunguzi walikusanya habari za wanawake zaidi ya 53,000 wenye kansere ya maziwa, kutoka inchi 25. Walikuta kwamba wenye kumeza vidonge vya planing wako na hatari iliyoongezeka kidogo, na kwamba hatari hiyo inashuka wakiacha, mupaka kuisha kisha miaka 10 hivi. Upande mwingine, vidonge vya kuchanganya vinapunguza kansere ya ovari na ya ndani ya kizazi.

Binti ambaye mama yake ao dada yake aliugua kansere ya maziwa hakatazwi: OMS inamupa namba 1 kwa njia zote za homoni. Mwenye kusikia uvimbe ambao haujapimwa ni namba 2: anaweza kuendelea na njia yake, lakini aende kupimwa haraka. Kutolesha kijiti bila kwenda kupimisha uvimbe hakumusaidii kitu.

Bwana, familia, na sheria

Nyumba nyingi zinakwama hapa. Bwana anasema mugonjwa hana lazima ya planing. Mama-mukwe anauliza mutoto atakuja lini. Na wakati ziwa limekatwa, mwanamuke anaogopa kukataa, juu anafikiri ataachwa.

Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, juu ya afya ya watu wote katika Kongo, inaomba watu waliooana kisheria wakubaliane juu ya njia ya planing. Lakini inasema pia: wasipokubaliana, mapenzi ya yule anayehusika ndiyo yanashinda. Mwili ni wake, neno la mwisho ni lake.

Inasaidia sana bwana akiitwa aongee na munganga, asikie kwamba kungojea hakumaanishi kutozaa tena. Wanawake wengi wanazaa kisha kansere. Lakini siku ya kuanza inapangwa na munganga, haitokei kwa bahati.

Maneno ya kusema ku lopitali

Munganga akikosa kuuliza, mugonjwa aanze yeye. Maneno haya yanatosha:

"Niko na kijiti mukononi, kiliwekwa mwaka fulani." Ao: "Nilichomwa sindano ya planing mwezi fulani." Ao: "Niko na DIU, na sijui kama ni ya shaba."

"Kansere yangu ni ya wapi, na inasikia homoni?"

"Dawa hii inaruhusu njia gani ya planing, na kisha dawa kuisha ningojee miezi ngapi?"

"Kati ya dawa za kuzuia kutapika munazonipa, kuko aprepitanti?"

"Bado ninataka kuzaa." Neno hili lisemwe mbele ya serumu ya kwanza, juu kuna mambo ambayo yanaweza kufanywa mbele na hayawezekani nyuma.

Kijiti kikipaswa kutoka, kisitoke mukono mutupu: njia ya kukifuata iwe tayari siku ileile, hata kama ni pakiti ya kapoti. Na mwanamuke akikuta tayari ana mimba, asiache dawa peke yake na asijifiche nyumbani. Arudi kwa munganga wa kansere wiki ileile. Kuna matibabu fulani yanayowezekana katika mimba na mengine hayawezekani, na kila wiki inahesabika.

Ku kituo cha afya vilevile, muuguzi mwenye kuweka kijiti anaweza kusaidia kwa kitu kidogo: kumupatia mwanamuke kakaratasi chenye jina la kijiti, tarehe ya kukiweka na tarehe ya kukitoa. Kakaratasi hako kawekwe pamoja na karatasi zote za lopitali. Siku ugonjwa ukija, ndiko katasema kile ambacho mukono hausemi.